Jibu Bila Njia ni Sifuri

Katika shule niliyosoma Bukavu, na baadaye ile niliyofundisha, jibu lisilo na njia lilipata sifuri. Ungeliandika sawasawa, kwa mwandiko mzuri, lakini kama hukuonyesha ulivyolipata, sifuri. Nimewagawia wanafunzi wangu sifuri hizo bila huruma. Ninalisema mapema ili ijulikane kwamba aliyeniponza zaidi ni mwalimu aliyemo ndani yangu.

Tulipoikimbia Zaire, ilipokuwa bado inaitwa Zaire, mimi na mama yangu tulipewa nafasi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, karibu na majengo yaliyokuwa gereza. Mama alibaki kule kungoja mgao wa mahindi na maharage. Mimi niliomba ruhusa, nikateremka mji mkuu, Lilongwe, nikapanga chumba mtaa wa Kauma pamoja na mama mmoja Mrundi, tukawa tunakaanga mandazi soko la Tsoka. Diploma yangu ya kufundisha Kiingereza ilikaa chini ya mkeka. Mandazi hayaulizi diploma.

Tuliwafungia wateja mandazi kwa magazeti ya zamani, na ukurasa mmoja haukukosa fumbo la maneno la Kiingereza, lile lenye hila, ambalo kidokezo chake kinasema hili na kutaka lile. Mtawa mzee aliyenifundisha Kiingereza alikuwa mgonjwa wa mafumbo hayo, akaniambukiza. Wateja wakiadimika nilijaza visanduku kwa kalamu, kisha nikayafungia mandazi kwa karatasi hiyo hiyo. Yule Mrundi akaniuliza ninaandika nini, nikamtungia mfano kwa Kiswahili: "Kazi imevurugwa, weka mtu kaburini. Herufi nne."

"Nusu ni maana, nusu ni njia," nikamweleza. "Maana ni kuweka mtu kaburini. Njia ni kuvuruga herufi za neno kazi. Zipange upya, unapata zika."

"Na bantu banalipwa juu ya hii?"

"Hapana."

"Basi geuza mandazi, inaungua."

Siku moja mteja mwenye suti alirudi na karatasi yenye mafuta mkononi. Nilidhani amekuta unywele. "Amayi," akauliza, akiniita mama kwa Kichewa, "nani amejaza hili?" Nilipokiri, alicheka kwa furaha. Alikuwa na shule yake mtaa wa Area 25, na rafiki mmoja wa kanisani aliyemshinda kwenye fumbo hilo kila wiki kwa miaka. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Akapiga makofi.

"Wangu anaondoka mwisho wa muhula," akasema. "Njoo nyumbani kila Jumamosi unieleze mafumbo haya. Nami nitakuandikia barua ya kazi, upate kibali cha kuishi mjini, wewe na mama yako. Zikomo kwambiri, asante sana, amayi."

Nilipomletea mama habari hiyo alilia. Toka siku ile, kila nikifika Dzaleka, kabla hata ya kunipa maji alikuwa anauliza, "Barua iko wapi?"

Sasa, mtu mwenye akili angefanya nini? Angeenda Jumamosi, ajaze visanduku, anywe chai, aondoke. Mimi nilimnunulia daftari. Nilimkatalia majibu. Alipokisia neno likawa sahihi, nilimwambia halifai mpaka anionyeshe maana iko wapi na njia iko wapi. Nilimfundisha maneno yanayoashiria kuvuruga, yanayoashiria kuficha, yanayoashiria kugeuza nyuma mbele. Alikuwa mzito mwanzoni. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwanafunzi mzito anayejitahidi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Dada, mupe jibu tu," yule Mrundi alinionya. "Siku atajua peke yake, we utakuwa nani kwake?"

Nikamkasirikia. "Mi niko mwalimu," nikamjibu. "Siko muganga wa kuficha dawa."

Muhula ulipokaribia kwisha nilimkuta yule bwana barazani kwake ameshamaliza fumbo zima, peke yake. Akanieleza kidokezo kimoja kimoja kwa maneno yangu mwenyewe: kwanza maana, kisha njia. Hakukosea hata kimoja. Nilipiga makofi. Ndiyo, mimi mpumbavu, nilisimama pale nikapiga makofi. Kisha nikauliza habari za barua.

"Ah, amayi," akasema. "Nafasi ile ilijazwa wiki iliyopita. Wazazi hapa wangeuliza, kwa nini mkimbizi?" Akaniagizia chai na mkate. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakukaribishi chai kwanza.

Dzaleka nilimkuta mama ameshafunga sufuria zake mbili ndani ya kitenge. Aliniangalia usoni, hakuuliza. Akafungua fundo, akarudisha sufuria moja moja mahali pake. Nilimchukia mtu yule wakati ule, na sijaacha. Mama hakuhama Dzaleka tena.

Miezi ikapita, yule bwana akaja Tsoka na suti yake na gazeti lake. Alibakiza kidokezo kimoja tu, na rafiki yake wa kanisani, alisema, alikuwa ameshamaliza. Akaliweka gazeti mbele yangu juu ya meza. Niliona jibu kabla hajaondoa mkono. Lilijificha ndani ya maneno mawili yaliyofuatana, kama mtoto nyuma ya pazia, miguu yote nje.

"Sijui, bwana," nikasema.

"Hata wewe?" Akacheka kidogo. "Basi nionyeshe njia tu. Jibu nitalitafuta mwenyewe, kama ulivyonifundisha."

"Njia pia siijui."

Akanunua mandazi, akaenda. Alipopotea kwenye watu, nililiandika jibu kwa kidole kwenye unga uliotapakaa juu ya ubao, na chini yake nikaandika maana, nikaandika njia, hatua zote, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaweka donge juu yake, nikakanda.