Sahani ya Mjomba

Mjomba wangu Mwinshehe alikuwa akiulizwa anaumwa nini, anajibu, "Naumwa adabu." Maana tangu aambiwe ana kisukari, alikula kwa adabu kuliko mtoto aliyetoka kuchapwa. Nyumbani kwake mjini, Kingolwira, mkewe Riziki alimpimia ugali wa dona usiozidi ngumi yake, nusu ya sahani ikawa mchicha au mchunga, pembeni kipande cha samaki. Alinung'unika, lakini alikula. Kidonda cha kidole gumba cha mguu kikaanza kukauka. Nesi hakumficha: sukari ikitulia, mguu utabaki, ikipanda ovyo, utakatwa.

Nyumbani hapakuwa na shida. Shida ilikuwa Kinole, mlimani, kwa ndugu zetu. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Bila yeye mahari haipokelewi wala shamba haligawanywi. Na kikao hakifungwi mpaka wanaume wale sinia moja. Sasa ugali wa sinia utaupimaje kwa ngumi? Mikono inaingia na kutoka, na ukiacha kumega, macho yote kwako.

Siku ya mahari ya mdogo wangu Neema, mjomba aliomba sahani yake. Aliomba kwa upole, na ugonjwa akaueleza. Mdogo wake Salimu, ambaye cheo cha kaka yake kilimwasha siku zote kama upupu, akaacha kunawa.

"Kumbe! Sumu haionjwi, eti kaka?"

"Sijasema sumu, Salimu. Nimesema sukari."

"Sukari gani kwenye ugali? Humu hatujatia hata kijiko!"

Watu wakacheka. Jina lenyewe la ugonjwa lilituponza: ukiitwa kisukari, kila mtu anadhani ukishaficha kopo la sukari umepona. Mama yangu mzazi, dada yake wa tumbo moja, alinong'ona kwamba mjini kumemharibu kaka yake. Hata leo sijamsamehe sawasawa.

Kabla hatujateremka, Kinole nzima ilishasikia kwamba Mwinshehe anaogopa chakula cha dada zake. Kikao kilichofuata hakuitwa. Alishinda barazani, hanywi hata maji.

"Riziki, mimi sasa ni mjomba wa nani?"

"Wa mguu wako, baba. Kula hapa ubaki nao."

Hakumsikia. Alipanda mlimani, akakaa mkekani, akamega matonge makubwa kuliko ya wote ili waone. Ikawa ndiyo mtindo, kila kikao na kila msiba: ugali, wali wa nazi, ndizi mbivu, togwa. Salimu anampigapiga mgongoni, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, kaka!" Nilitamani kumfunika uso kwa lile sinia. Kidonda kikafumuka, kikaanza kunuka, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Salimu, mzaliwa naye, hakukatika hata ukucha.

Juzi tulimpandisha Kinole kwa gari la kukodi, kugawa shamba la marehemu bibi. Safari hii walimwita wenyewe, tena kwa heshima. Mkeka ukatandikwa, sinia likawekwa katikati, wanaume wakalizunguka. Mjomba hakuweza kukaa chini, kwa hiyo wakamletea kiti cha plastiki. Akiwa pale kitini akajaribu kuinama, mkono haukufika.

Salimu akageukia jikoni, akapaza sauti, "Jamani, mleteeni kaka sahani yake!"

Hakuna aliyenong'ona. Ililetwa sahani safi, ugali kidogo na mchunga mwingi, vilevile alivyoomba siku ile. Mjomba akaipakata.

"Ndiyo hii niliyoiomba," akasema.

"Kula, kaka, kinapoa," Salimu akamjibu, na mkono wake ukarudi kwenye sinia.