Nilivyokwenda kwa Daktari wa Ngozi na Rangi ya Viatu Shingoni

Leo nacheka, jamani, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia mwenyewe na udongo ningejifukia kwa mikono yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi karani wa tiketi stesheni ya Goweko, kijana nadhifu (nilijiona hivyo, msinicheke), mchumba wangu Veronika yuko Tabora mjini, na padre alikuwa karibu kutangaza ndoa yetu kanisani. Basi likanitoka baka chini ya sikio, jeupejeupe, haliumi, likashuka shingoni mpaka kifuani. Baka jeupe lisilouma! Nani hakuliogopa siku zile? Neno lenyewe, ukoma, sikuthubutu kulitamka hata nikiwa peke yangu chumbani, maana nilijua nitapelekwa kuishi mbali na watu, na Veronika ataolewa na mwingine.

Bwana stesheni, mzee mpole, akaliona, akanivuta pembeni. "Alhamisi daktari wa ngozi anapita hospitali ya Tabora, siku moja tu. Nenda. Ila usipake kitu chochote, mwache aione ngozi kama ilivyo."

Mimi nikawaza, je, nikikutana na ndugu wa Veronika kwenye gari moshi? Nikachukua rangi nyeusi ya viatu, nikachanganya na mafuta ya karanga, nikapaka kidogo, nikaona baka linapotea kweli, nikaongeza, nikajitazama kwenye kioo nikasema, "Karani, una akili." (Akili!) Mnalijua joto la behewa la daraja la tatu mwezi wa Oktoba. Kabla hatujafika Tabora shingo inawasha kama nimemwagiwa upupu, rangi inatiririka, na kola ya shati langu jeupe imekuwa kama kitambaa cha kufutia taa.

Nafika barazani hospitali, foleni ndefu, na aliyekaa mwisho wa benchi ni nani? Mama yake Veronika. Kwetu Unyamwezini mama mkwe ukimwona njiani unampisha, macho chini, seuze kukaa naye benchi moja.

"Shikamoo, mama," nikasema nikitazama pembeni.

"Marahaba, baba. Ee Mungu wangu, shingo imefanya nini?"

Hapo ningesema kweli mambo yangeisha. Nikasema, "Nimeungua, mama. Mvuke wa injini."

Kumbe yule mama ana sauti! "Dresa! Mkwe wangu ameungua! Mtaniulia mtoto!" Mara madresa wawili, wauguzi wa siku zile, hawa hapa na machela, nawaambia naweza kutembea, mama anawaambia msimsikilize, maumivu yamemchanganya, nikalazwa, foleni nzima ikasimama kunipisha, wengine wananiombea, na mimi nikafumba macho kwa aibu, wakadhani nimezimia, wakaanza kukimbia.

Daktari, Mhindi mmoja mwenye miwani, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta. Pamba ikawa nyeusi. Akafuta tena. Akainusa.

"Bwana," akasema taratibu, "umeungua, au umepigwa brashi?"

Dresa mmoja akatoka nje, nikamsikia anawasimulia, na baraza zima likaangua kicheko. Nikavuliwa shati, na mama mkwe, aliyeifuata machela mpaka chumba cha daktari, bado yumo ndani, hakuna aliyekumbuka kumtoa. Akageukia ukuta, akajifunika kanga kichwa kizima, lakini hakuondoka.

Daktari akaniambia nifumbe macho, nimwonyeshe kwa kidole kila anaponigusa. Akanigusa kwa ncha ya pamba, laini kama unyoya. Aibu iliniisha, ikabaki hofu tupu. Nikaonyesha. Akagusa kwingine, nikaonyesha.

"Unasikia kila mahali," akasema. "Baka la ukoma halisikii kitu. Si ukoma. Huu ni ukungu wa ngozi tu, dawa ya kupaka ipo. Haya malengelenge ndiyo uliyojitengenezea mwenyewe. Siku nyingine niletee ngozi, halafu niambie kila ulichoipaka."

Nikalia, mwanamume mzima. Na pale ukutani nikasikia mwingine analia ndani ya kanga.

"Daktari," mama mkwe akasema bila kugeuka, "kama ni hivyo, na mimi nitazame." Akanyoosha mkono kwa nyuma. Kumbe na yeye ana baka kwenye kiwiko, amekaa pale tangu asubuhi akiwapisha wenzake kwa woga, na hajamwambia mtu yeyote nyumbani.

Nikatoka, nikamsubiri barazani, watu wakinicheka nami sijali. Lake lilikuwa choa tu, si ukoma.

Njiani kwenda kwao akawa anatembea mbele, mimi nyuma, heshima imerudi. "Baba, nani atamwambia Veronika?"

"Mimi, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Basi na langu umwambie. Mimi siwezi."

Veronika alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mlitaka kunificha mpaka lini?" Nikaapa, na kiapo nimekitunza tangu tuoane: uwe upele, liwe jipu mahali nisipoweza kupataja mbele yenu, wa kwanza kuonyeshwa ni yeye, na daktari baadaye.