Fundi simu aliyekataa kufungua simu ya mwigizaji wake

Mteja wa kwanza wa asubuhi anaweka mezani simu iliyopasuka kioo, lakini mkono hautoi. Kidole cha shahada kinabaki kimeikandamiza, kana kwamba simu itaota miguu ikimbie.

"Neno la siri naandika mwenyewe," anasema.

"Andika, kaka. Kisha kaa hapo unitazame," anajibu fundi bila kuinua macho.

Mtaani wanamwita Kibano. Kile kibano chake cha kunyanyulia skrubu kikikosekana mkononi, kitafute kwenye nywele zake. Ni dada wa miaka ishirini na miwili. Mchana anatengeneza simu kwenye pembe ya duka la madaftari la mjomba wake, jioni ni mwanafunzi wa filamu, mwaka wa mwisho.

Zamani watu walimwachia simu wakaenda zao sokoni. Mambo yaliharibika siku aliyobandika tangazo dukani: anatafuta vijana wa kuigiza filamu yake fupi ya kuhitimu, inayomhusu binti wa miaka kumi na sita na mama anayemchunguza kila hatua.

"Watu wakajumlisha wenyewe," anasema. "Fundi simu anaandika siri za vijana. Kazitoa wapi, kama si kwenye simu zetu? Katika kila wateja kumi, saba walihama."

Lisemwalo lipo, wakasema majirani. Hata mjomba akaanza kuficha simu yake ndani ya soksi.

"Damu nzito kuliko maji," anacheka mjomba huyo, "lakini simu ni simu."

Kibano anasema hadithi aliitoa kwao. Alipokuwa shule, mama yake alikuwa akinusa mkoba wake kila akirudi nyumbani. "Sikuwa na siri yoyote. Ikabidi nitafute moja, angalau asinuse bure."

Waliokuja kwenye usaili ni vijana kumi na mmoja. Aliyemkosesha usingizi ni mmoja tu, binti wa mama mshonaji wa barabara ya pili. "Alipotamka sentensi ya kwanza, nilisahau kwamba nimeiandika mimi," anasema Kibano. Wakaanza mazoezi nyuma ya duka, kati ya maboksi ya madaftari, na akamwagiza awe anajirekodi kwa simu akiwa nyumbani ili ayasikie makosa yake. Kilichobaki ni saini ya mzazi tu. Bila hiyo, chuo hakiruhusu mtoto arekodiwe.

Mama mshonaji akaja. Hakuleta saini. Alileta simu ya bintiye.

"Nifungulie hii."

"Mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Mwenyewe ni mimi. Simu nimenunua mimi, na yeye nimemzaa mimi. Kila jioni anajifungia chumbani ananong'ona. Kuna mwanamume humo. Fungua, nikikuta hamna kitu nasaini sasa hivi. Usipofungua, nitajua mko pamoja."

Kibano alijaribu kumweleza kwamba minong'ono ile ni mazoezi. Mama akamkata kauli: "Kikulacho ki nguoni mwako. Na aliyemzoea mwanangu siku hizi ni wewe."

Fundi anakiri kwamba mkono ulimwasha. Bila binti yule hakuna filamu, na bila filamu hakuna cheti. Akaisukuma simu irudi upande wa pili wa meza.

"Nikikufungulia hii leo, kesho nitamfungulia mtu mwingine ya kwako."

Mama akasonya, akavuka barabara kwa fundi mwingine. Huyo aliifungua kwa njia rahisi kuliko zote: alifuta kila kilichokuwemo. Mama akarudishiwa simu nyeupe pe, kama imetoka dukani.

"Nikasema, ala! Mtoto mjanja huyu, kashaficha ushahidi," anakumbuka mshonaji, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Nikazidi kumshuku."

Binti alipoikuta simu tupu, rekodi za majuma sita zimekwenda, hakuhitaji kufikiri mara mbili. Fundi anayemjua ni mmoja. Alikuja dukani, akautupa muswada wake wa filamu mezani, akasema, "Dada, nilikuamini," akaondoka.

"Iliniuma, sitaki kudanganya," anasema Kibano. "Ningemkimbilia nimwambie ni mama yako. Ningempata mwigizaji. Lakini yule anarudi nyumba moja na mama yake, harudi kwangu."

Badala yake akaenda kwa mshonaji.

"Mama, kilichokuwa kwenye simu ni kazi yake. Sauti yake tu."

"Una ushahidi gani?"

"Sina. Ndio huo mlioufuta."

Mshonaji alimfungulia mlango atoke. Zikapita siku tisa. Mwalimu wake chuoni akamshauri atafute binti mwingine. Kibano akakataa.

Mwandishi wa makala haya yuko dukani wakati mama na binti wanaingia. Binti ameikumbatia simu kifuani na macho kayaelekeza kwenye maboksi. Mama anapanga upya kalamu za kuuzwa ambazo zilikuwa zimepangika vizuri tu. Mjomba anazima redio.

"Simu yako," mama anasema, anainua kalamu moja na kuirudisha. "Simu yako niliipeleka mimi. Huyu alikataa. Na jana nimekusikia unanong'ona chumbani, simu ikiwa mezani kwangu."

Binti anamkazia macho. "Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani ungesema namtetea."

"Ningesema hivyo kweli," anasema binti. Anauchukua muswada wake mezani.

Mama anasaini, lakini anamwonya bintiye kwamba siku zote za kurekodi atakuwepo. "Sijasema nakuamini, mwanangu. Nimesema nasaini."

Kazi inaanza mwezi ujao, kwa kamera ya kuazima chuoni. Kabla ya hapo Kibano ana kurasa mbili za kuandika upya, zile za mwisho. Katika muswada wa kwanza mama anakana kumchunguza bintiye mpaka filamu inaisha.

"Sikuwahi kumsikia mzazi akisema 'ni mimi'," anasema. "Nilidhani hawawezi. Sasa nimeona wanaweza, ila maneno hayo yanachukua muda kutoka. Mama wa kwenye filamu nitampa muda huo. Kamera itamngoja."