Siku Mama Alipoisugua Bastola

Enzi zetu pale Bordesley Green, bastola ilikuwa vidole viwili na mdomo. "Pyuu! Umekufa!" Na aliyekufa alibisha mpaka anaitwa kula. Ndiyo maana siku baba alipoleta ya kweli, waliofurahi ni sisi watoto tu.

Baba alikuwa akiuza vitu vya mitumba. Kule Northfield alichukua boksi zima la vyombo vya marehemu fulani, na chini ya vikombe ikawemo: kutu tupu, mpini wa mbao, silinda ya kuzunguka. Nikahesabu matundu ya risasi, sita. Nikahesabu tena, sita.

Nchi hii ya Waingereza bastola ni jela. Ila ile ya kale kabisa, ambayo risasi zake hazitengenezwi tena, unaruhusiwa kuiweka kama pambo. Hii yetu ilikuwa ipi? Na maombi yetu ya kuishi hapa yalikuwa hayajajibiwa bado. Kosa moja tu, tunafungashwa virago. Baba akatoka mbio kumwita Babu Len, jirani yetu Mwingereza aliyezeekea kwenye karakana za bunduki za mji huu.

Huku nyuma mama, Mzanzibari asiyevumilia doa kwenye sufuria, akaona aibu mgeni kuonyeshwa uchafu. Akashika ndimu, chumvi na waya wa kusugulia masufuria. Baba aliporudi, chuma kinameremeta kama kijiko cha harusi.

Babu Len akaigeuza mara mbili. "Mihuri iko wapi?" Umri wa bastola, akatueleza, husomwa kwenye mihuri midogo iliyogongwa ilipokaguliwa.

"Mama Salma," baba akasema taratibu, "umefuta cheti chake cha kuzaliwa."

"Sasa ningempa mgeni kutu, bwana? Ningeambiwa nini?"

Babu Len akafungua skrubu, akachomoa silinda. Kwenye ukingo wa kila tundu palikuwa na kijifereji chembamba. Hapo, akasema, pini ya risasi ilichungulia nje ili nyundo iigonge kutoka juu. Risasi za namna hiyo viwanda viliziacha zamani. Kisha akaigeuza silinda upande wa nyuma, ambako waya wa mama haukufika. Muhuri mdogo wa duara la yai, herufi ndani.

"Mbelgiji huyu. Na juu ya yai hakuna taji. Taji waliliongeza baadaye. Ni ya enzi za Malkia Victoria. Pambo tu. Pikeni chai."

Baba akamwomba arudie. Akarudia. Mama akalia, kisha akakaanga mandazi, nikala manne. Babu Len akaongeza kwamba kwa msuguo ule thamani yake imekwenda na maji. Hatujawahi kufurahia hasara kama ile.

Siku hizi anayezunguka kwenye meza za vitu vya kale ni mimi. Nikiokota bastola kuukuu, mwanangu huipiga picha, huiuliza simu na kunijibu kwa Kiingereza ni ya wapi na ya lini, hata hajaishika, kisha anarudi kwenye gemu lake. Mara nyingi anapatia, na hilo ndilo linaloniudhi. Lakini hajawahi kusubiri jibu huku mama yake amembana mkono mpaka unauma, wala kumwona baba yake akicheka mpaka anakaa sakafuni, kwa ajili ya kijifereji kwenye chuma.