Siku Hadithi ya Mama Iliposomwa Redioni

Mama yangu alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine, nyumbani kwetu katika mtaa wa Langas, na kila alipofuma aliongea. Karibu yote niliyoyajua kuhusu familia yetu niliyapata hapo, nimekaa kwenye kigoda nikimfungulia uzi. Alinieleza jinsi walivyohama kutoka Nyeri na godoro moja, jinsi baba alivyopata kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na jinsi ndugu yangu mdogo alivyofariki.

Hiyo ya ndugu yangu aliisimulia mara chache, na sidhani kuna mwingine aliyewahi kuisikia. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Jumatatu kifua kilimbana. Wamama wa kanisa walikuja wakamwombea, Jumanne wakarudi, wakamwambia mama asimtoe nje kwenye baridi kwa sababu Mungu ameshaanza kazi yake. Mama alitaka kwenda hospitali lakini aliogopa kuonekana hana imani. Jumatano alimfunga mgongoni akatembea naye, na kabla hajavuka daraja la mto Sosiani akahisi uzito wa mtoto umebadilika. "Nilingoja siku mbili," alikuwa akisema, kisha anaendelea na mashine.

Nilipomaliza Form Six nilipata kazi ya kufundisha, bila mafunzo yoyote, katika shule ya msingi upande wa mji mdogo wa Ziwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani Jumamosi. Pale shuleni alikuwepo mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzee aliyekaribia kustaafu, aliyejua kwamba ninaandika hadithi na kuzituma redioni, kwenye kipindi cha wasikilizaji. Zote zilikuwa zimekataliwa. Akasoma moja, ya tajiri na binti mfalme, akanirudishia.

"Huyu mfalme umemwona wapi?" akaniuliza.

"Nimembuni tu, Mwalimu."

"Basi mwache. Andika kitu kilichokuuma."

Wiki hiyo, watoto wakishaenda nyumbani, nilibaki darasani nikaandika habari za ndugu yangu. Hadithi ilitoka bila shida, kwa sababu maneno ya mama nilikuwa nayo tayari. Sikutaja jina la mtu wala la mtaa. Niliweka wamama wanaoomba, mama anayeogopa kuonekana hana imani, na sweta ya kijani aliyovaa mtoto, ambayo mama aliifuma mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Baada ya miezi miwili barua ilikuja. Hadithi ingesomwa Jumapili alasiri.

Sikumwambia mama inahusu nini. Nilimwambia tu kwamba Kenya nzima itasikia kazi yangu, na yeye akafurahi mpaka akaalika wageni. Alipika chapati. Walikuja majirani wawili, wote wa kanisa letu, na mmoja wao alikuwa kati ya wale waliomwombea ndugu yangu. Nilijua hivyo. Nilimwona akiingia, nikamsogezea kiti, na bado sikufikiria kitu. Mpaka leo sielewi nilikuwa na akili gani.

Enzi hizo redio ilikuwa moja tu, kwa hivyo tulingoja taarifa ya habari imalize kutueleza rais alisali kanisa gani asubuhi hiyo. Kisha msomaji akaanza. Alikuwa na sauti nzuri, nzito. Mwanzoni mama alikuwa akitabasamu na kunitazama. Msomaji alipofika kwenye sweta ya kijani, mama aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya leso yake. Hadithi ilipoisha, yule mama wa maombi aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu.

"Kwani sisi tulimuua?" akamuuliza mama, si mimi.

"Hapana," mama akasema. "Ni mimi nilingoja."

Waliondoka bila kuaga vizuri. Nilianza kukusanya vikombe. Mama alikuwa bado amekaa.

"Mama, sikutaja jina la mtu," nikasema.

"Hii mtaa yote wanajua ni mtoto wa nani alizikwa na hiyo sweta."

"Nilitaka watu wakuonee huruma."

Alinyoosha mkono akazima redio. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Na wewe mbona hukujiweka?"

Nilijua mara moja anasema nini. Jumatano ile, kabla ya kumfunga mtoto mgongoni, mama alinituma kiwandani nikamwite baba aombe gari la kiwanda. Nilikuwa na miaka tisa. Njia ilipitia shuleni, na nilikuta wenzangu wamepanga foleni ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ambayo serikali iliwapa watoto wa shule. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa maziwa hayo, na siku mbili sikuwa nimeyaonja kwa sababu nilikuwa nyumbani na mgonjwa. Nikapanga foleni. Nikanywa pakiti moja, nikaomba nyingine ya ndugu yangu. Nilipofika kiwandani, askari wa getini aliniambia lori limetoka sasa hivi kupeleka mbao Ainabkoi, na baba yumo. Nilirudi nyumbani nikakuta mlango umefungwa. Mama aliporudi na majirani waliokuwa wamembeba mtoto, alinikuta kizingitini na ile pakiti mkononi. Aliitazama. Hakuniuliza. Baba naye hakuambiwa kamwe kwamba nilitumwa.

Miaka yote ile, katika kusimulia kwake, hakukuwa na mtoto aliyetumwa popote. Alinitoa kwenye hadithi kwa makusudi, nami nikaichukua hivyo hivyo nikaituma isomwe redioni.

Nilitaka kumwomba msamaha lakini nililia tu, na yeye akainuka akaenda kuanua nguo.

Mama hakurudi kanisani pale. Kwa muda alisali nyumbani, halafu mwaka uliofuata, baba alipopunguzwa kazi, wakahamia Ainabkoi kwa dada yake baba wakakodi shamba la viazi. Nilikuwa nikiwatembelea mwisho wa mwezi. Mama alinipokea vizuri, alinipa maziwa na viazi vya kubeba, aliniuliza kama nimekula. Tuliongea juu ya ukungu unaoharibu viazi na ng'ombe aliyekataa kushika mimba. Nikimuuliza mambo ya zamani, ya Nyeri au ya wazazi wake, alijibu, "Hayo nimesahau."

Hakuwa amesahau. Siku moja nilimsikia jikoni akimsimulia shangazi jinsi walivyosafiri na lile godoro. Nikaingia, akanyamaza, akaniuliza kama ninataka chai. Mama alifariki miaka sita baadaye.