Aliye Chini ya Mmisionari

Juzi, ukumbini parokiani Baraka, tulionyeshwa filamu ya maisha ya mmisionari, iliyopigwa huku kwetu zamani. Mmisionari anavuka mto mabegani mwa mpagazi. Mkalimani, akisoma karatasi kando ya mashine, anatusifia ujasiri wa mmisionari.

Mama mmoja, muuza samaki, akasimama, akamwita mkalimani “raia” kwa Kifaransa.

“Citoyen, simamisha mashine! Ule wa chini ni marehemu bwana yangu. Juu ya nini hausemi jina yake?”

“Haiko ku karatasi, mama.”

“Basi mi nitasema.”

Mkanda ukarudishwa. Mama akaenda hadi kwenye kitambaa cha filamu, akaweka kidole kwenye bega la mumewe, akalitamka jina. Ukumbi mzima ukalirudia, hata padri.

Jana filamu ilionyeshwa tena. Mpagazi alipoingia majini, tulisimama sote tukiliita jina lake. Ndipo nilipoona: viatu vya mmisionari havikulowa.