Baada ya Vitunguu Saumu vya Mama Lusala

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Kilimo wa Tarafa alinipa buti za mpira zilizonizidi miguu, akanituma kijiji cha Malinya. "Wakulima watakuita Madam," akaniambia. "Wewe sema vitunguu. Mwaka huu ofisi inataka vitunguu."

Mkulima wangu wa kwanza alikuwa Mama Lusala, mjane aliyeishi na mwanawe wa pekee, Lusala. Shamba lake lilikuwa matuta sita tu, kati ya jikoni na kaburi la mumewe. Alikuwa amemaliza kung'oa vitunguu saumu, akavitandaza kivulini vikauke.

"Sasa niweke nini, Madam? Mimi hapa napandanga maharagwe."

Alikuwa sahihi. Chuoni tulifundishwa mzunguko wa mazao, yaani zao lisifuatwe na ndugu yake. Saumu na kitunguu maji ni jamii moja, na ugonjwa wa mmoja humngoja mwenzake udongoni. Maharagwe hukata ugonjwa huo na kuurudishia udongo nguvu.

Nilimweleza bosi. Hakuinua macho. "Madam, maharagwe waachie akina mama. Mimi naandika vitunguu."

Nilikuwa mgeni kazini, nikaogopa. Nikarudi nikamwambia Mama Lusala apande kitunguu maji.

Majani yalianza kugeuka manjano kabla vitunguu havijajaa. Nilipong'oa kimoja, kitako kilikuwa kimevaa ukungu mweupe kama pamba, wenye vitone vyeusi. Huo ndio uozo mweupe. Ukiingia udongoni hukaa miaka mingi.

"Udongo umekufa?" Mama Lusala aliniuliza.

Udongo haukuwa umekufa. Ugonjwa ule hushika jamii ya kitunguu peke yake. Maharagwe, kunde, hata sukumawiki zingemea vizuri palepale. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba nilimpotosha. Nikamjibu, "Nitaulizia ofisini, mama," nikaondoka. Kila nilipopita Malinya nilizunguka njia ya mbali, na baada ya miezi michache nikahamishiwa Matete.

Huko ndiko habari zilikonikuta. Lusala aliona shamba halifai tena kulimwa, akaanza kuchimba dhahabu palepale kwenye matuta, kama walivyofanya majirani. Mvua ilinyesha wiki nzima. Shimo likamfunika.

Nilienda mazishini. Mama yake alinishika mikono miwili. "Asante kwa kuja, Madam. Wewe ulitusaidia sana."

Nilikula chakula cha matanga, nikarudi Matete.

Nilimalizia kazi Mautuma, kwenye mashamba makubwa ya mahindi. Hata huko, mwenye kijibustani cha vitunguu nilikaa naye chini kabla hajang'oa, tukachora kila tuta na kitakachofuata: hapa maharagwe, hapa kunde, pale sukumawiki, na kitunguu kisirudi palepale upesi. Afisa wa Kaunti Ndogo alinisifu kwa uangalifu wangu. Sikumwambia niliupata wapi.

Nilipostaafu nilienda Malinya. Mama Lusala amezeeka, kiti chake kiko mlangoni. Shimo limefukiwa, nyasi zimeota. Nilimwambia yote: nilivyojua, nilivyoogopa, nilivyonyamaza.

Aliangalia pale penye nyasi.

"Kwa hivyo maharagwe yangemea?"

"Yangemea, mama."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Nilisimama uani mpaka jirani akaja kuniambia niende tu nyumbani.

Vijana wa kilimo hunitembelea siku hizi, wananiuliza nini kifuate vitunguu mahali padogo. Nawafundisha yote ninayoyajua. Kisha nawaambia: mkikosea, rudini kwa mkulima siku hiyo hiyo. Mimi nilichukua miaka yangu yote ya kazi kufika kwenye ua ule.